Kabla Hamjavunja Kikoba

Desemba ndio mwezi wa kuvunja vikoba, vikundi vyetu vya kuweka akiba na kukopeshana. Kuanzia Mbagala hadi Mwanjelwa, Ngamiani hadi Mwanakwerekwe, watu wanakaa kwenye mikeka au viti vya plastiki vya kukodi, kisanduku kinawekwa katikati, na kile walichokuwa wakikitoa kidogo kidogo tangu Januari kinarudi mikononi mwao na faida juu. Humo ndimo zilimo sare za mtoto anayeingia kidato cha kwanza, bati za chumba kilichoishia kwenye renta, na mtaji wa kurudi nao sokoni sikukuu zikipita.

Vikundi vingi huvunja salama, tena kwa vigelegele. Nalitanguliza hilo kwa sababu ni haki yao. Majirani wasio na mlinzi wala kaunta ya benki wanatunziana fedha mwaka mzima, na mwisho wake kila mtu anapata chake. Lakini haupiti mwaka bila kusikia habari za kikundi ambacho siku hiyo ilifika na simu ya mweka hazina haipatikani. Kwanza watu husema labda chaji imemwishia. Mchana anatumwa mtu nyumbani kwake. Ikifika jioni mtaa mzima unajua kwamba fedha za watu zimeliwa na mtunzaji ameingia mitini.

Wito wangu ni kwenu ninyi ambao siku yenu ya kuvunja bado haijafika. Zimebaki wiki chache, na wiki chache zinatosha.

Niliwahi kuliona daftari la kikundi kimoja baada ya fedha kupotea. Kurasa za mwanzo wa mwaka zilikuwa zimechakaa kwa kazi: wiki hii wino wa bluu, wiki ijayo mweusi, mahali pengine penseli kwa kuwa kalamu iligoma, jina la huyu limekatwa na kuandikwa upya, kwenye kona duara la kitako cha kikombe cha chai. Kuanzia Agosti mambo yananyooka. Kalamu ni ile ile wiki baada ya wiki, mwandiko hautetereki, hakuna neno lililokatwa, na jumla zote zinakaa sawa. Kumbe Agosti hiyo ndipo vikao vilipoanza kukosa watu, na wanachama wakawa wanatuma hisa zao kwa simu, moja kwa moja kwenye namba ya mweka hazina. Kurasa za miezi ile ziliandikwa kwa mkao mmoja. Daftari lilipoletwa Novemba, mwenyekiti alilisaini akiwa amesimama, akiwahi mazishi, na waliokuwepo walitafuta majina yao tu, wakayaona, wakatosheka.

Aliyeandika kurasa zile hakuwa mtu wa kuja. Alikuwa jirani yao, mtu wa ibada, mtu ambaye ukifiwa ndiye wa kwanza kufika na sufuria. Ndiyo maana walimpa fedha, na ndiyo maana hawakumhesabia.

Hapo ndipo usaliti unapotofautiana na wizi. Kibaka anayekupora simu kituoni hukuwahi kumkabidhi kitu. Utaumia, utamlaani, lakini kesho utapanda daladala ile ile na jirani yako utaendelea kumwamini. Mtu uliyempa ufunguo akichukua, haondoki na fedha peke yake. Anaondoka na kikundi. Mama aliyepoteza akiba ya mwaka kwenye kikoba harudi kwenye kikoba kingine kirahisi, na akibanwa na ada au ugonjwa, mlango uliobaki ni ule wa mikopo tunayoiita kausha damu, ambako riba inahesabiwa kwa siku na kochi lake linabebwa akichelewa. Wanawe aliowaambia Januari kwamba mwaka huu hakuna wasiwasi wanajifunza jambo kuhusu majirani ambalo itachukua miaka mingi kulifuta. Hata Kanuni ya Adhabu ya Tanzania haiuweki wizi wa kuaminiwa kwenye kapu moja na wizi wa kawaida. Anayeiba alichokabidhiwa anakabiliwa na kifungo kizito zaidi, na sheria iko sahihi.

Lakini sheria huanza kazi baada ya maji kumwagika, na mimi nataka tuongee kabla.

Ni wachache sana wanaoshika uweka hazina wakiwa na nia ya kuiba. Mambo huanza na neno dogo: nimeazima. Mtoto anaugua Jumanne, kikao ni Jumapili, na kisanduku kiko uvunguni mwa kitanda au fedha ziko kwenye simu. Anachukua elfu ishirini. Jumapili anairudisha, na hakuna aliyejua. Mara ya pili hairudishi Jumapili ile, anairudisha inayofuata. Mara ya tatu anachukua laki akanunulie mzigo, kwa kuwa mzigo utatoka na faida ataiweka humo humo. Mzigo hautoki. Sasa anaogopa, na mtu anayeogopa hufanya hesabu mbaya: anachukua nyingine akiamini ndiyo itakayozirudisha zote. Anayemwona msaliti Desemba hakumwona Jumanne ile.

Wakristo wanamkumbuka Yudasi kwa vile vipande thelathini vya fedha, lakini Injili ya Yohana inataja jambo la kabla yake. Yeye ndiye aliyekuwa mshika mfuko, na alikuwa akichukua kilichotiwa humo. Mkono ulizoea mfuko kabla haujafika kwa makuhani. Kwa upande wa Waislamu, Mtume Muhammad aliitwa Al-Amin na watu wa Makka hata kabla ya utume, na watu waliweka amana zao kwake. Alipolazimika kuhama kwenda Madina mwaka 622, maisha yake yakiwindwa, alimwacha Ali nyuma azirejeshe amana zile kwa wenyewe, wakiwemo waliompinga. Kuna jambo la kiutendaji kwenye kisa hicho ambalo mweka hazina yeyote atalielewa. Ili Ali aweze kumpa kila mtu chake kwa siku chache tu, ilibidi kila amana iwe ipo, haijachanganywa na nyingine, na mwenyewe anajulikana. Uaminifu ule ulikuwa na utaratibu ndani yake.

Sisi utaratibu tunauonea haya. Hili ndilo ninaloliona kuwa kiini cha tatizo, na naomba tulitazame bila kukwepana. Mtu akisema kwenye kikao, “Jamani, tuhesabu,” wenzake wanamgeukia kana kwamba ametukana. Kwani humwamini dada mweka hazina? Kwani dada aliwahi kula cha mtu? Aliyeuliza anajitetea, anacheka kidogo, anakaa. Tangu siku hiyo hakuna mwingine atakayeuliza, na dada mwenyewe, ambaye pengine wakati huo hana hata kosa, ameachwa peke yake na fedha za watu thelathini na matatizo yake ya nyumbani. Tumemwita mwaminifu na papo hapo tumemwondolea kila kitu kinachomsaidia mtu kubaki mwaminifu. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hawakusema mali ya wezi. Walisema mali.

Kwa hiyo mnapohesabu, mnamhesabia dada kwa faida yake. Siku atakapougua mtoto wake, anajua kuwa Jumapili noti zitamwagwa mkekani mbele ya wote, basi anapiga simu kwa mwenyekiti na kuomba mkopo wa dharura kama mwanachama mwingine yeyote. Mfuko wa jamii wa kikundi upo kwa ajili hiyo.

Na tusijidanganye kwamba msaliti ni mweka hazina peke yake. Mwenyekiti anayesaini asichokisoma amesaliti. Mwanachama anayetuma mtoto na hisa mwezi mzima, haonekani kikaoni, halafu Desemba anakuja na sauti kubwa kuliko wote, naye ana lake la kujibu. Na yupo yule tunayemsahau kabisa: aliyekopa milioni kwa dhamana ya wenzake wanne, akahama mtaa. Wale wadhamini watakatwa hisa zao ili deni lilipwe. Walimsainia kwa sababu walikula naye futari, au waliimba naye kwaya moja. Amewaibia kama aliyevunja kufuli, tofauti ni kwamba yeye tunamwita mdaiwa sugu na maisha yanaendelea.

Tabia hii ya kutouliza haiishii mtaani. Wasomaji wenye umri wangu wanaikumbuka DECI, ambako watu waliambiwa wapande mbegu ya fedha na kuvuna maradufu. Viongozi wake walikuwa watumishi wa Mungu, na kwa wengi hilo lilitosha. Serikali iliisimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 Mahakama ya Hakimu Mkazi Kisutu ikawatia hatiani baadhi yao, lakini wapo waliouza mashamba wakapande mbegu hiyo. Miaka hiyo hiyo tulikuwa tumetoka kwenye kashfa ya EPA, shilingi bilioni 133 zilizotoka Benki Kuu kwa nyaraka za kughushi. Wakenya nao, wenye utamaduni wa ushirika wa akiba na mikopo ulio imara kuliko wetu, wameguswa na KUSCCO, umoja wa vyama vyao: ukaguzi uliowekwa hadharani mapema mwaka 2025 ulionyesha kuwa zaidi ya shilingi bilioni 13 za Kenya hazipo. Tunapiga kelele juu ya mabilioni hayo, na ni haki tupige. Katika ahadi za mwana-TANU tulifundishwa kwamba cheo ni dhamana, na Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inasema waziwazi kuwa mamlaka ya kiongozi ni amana ya wananchi. Ila mtu hawezi kumdai waziri hesabu ilhali hajawahi kuthubutu kumdai hesabu jirani anayeshika kisanduku cha kikundi chake. Ujasiri huo hujengwa kwenye mkeka, kwa elfu tano tano.

Sasa niseme ninachowaomba.

Rudini kwenye kisanduku jinsi kilivyokusudiwa. Njia hii ya kuweka hisa na kukopeshana ilianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini eneo la Maradi wakisaidiwa na shirika la CARE, na VICOBA vyetu vimetokana nayo. Wanawake wale, wengi wao hawakujua kusoma wala kuandika, hawakuwa na namna ya kukagua daftari. Kinga yao ilikuwa macho na kumbukumbu. Kisanduku kikapewa kufuli tatu, funguo zake zikashikwa na watu watatu tofauti, na anayelala nacho si mmoja wao. Hakifunguliwi ila kikaoni. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, zinatajwa, na wanachama wote wanaikariri jumla ya mwisho kabla kufuli hazijarudi. Wiki inayofuata, kabla ya kufungua, mwenyekiti anauliza: tuliacha shilingi ngapi? Wanajibu kwa pamoja. Fedha zikitoka humo tofauti na walivyojibu, jambo linajulikana papo hapo, si miezi mitano baadaye.

Hebu jaribuni hilo kwenye kikao kijacho. Mwulize yeyote aliyekaa karibu nawe: wiki iliyopita tuliacha ngapi? Kama hakuna anayejua isipokuwa mweka hazina, basi kufuli zenu tatu ni mapambo. Angalieni pia funguo zenyewe ziko wapi. Nimeona vikundi ambavyo ufunguo mmoja uko kwa mama, wa pili kwa mkwewe, na wa tatu umesahauliwa nyumba hiyo hiyo.

Fedha za simu zinahitaji ukali zaidi, kwa kuwa hazionekani mkekani. Kutuma hisa kwenye namba binafsi ya mtu mmoja ni kumpa kisanduku kisicho na kufuli hata moja, na mnamwekea mtihani kila anapofungua simu kuangalia salio. Zipo huduma za vikundi kwenye mitandao ya simu na benki ambazo fedha haitoki mpaka viongozi zaidi ya mmoja waidhinishe. Hamieni huko. Wakati mnajipanga, aliyepokea fedha asome kikaoni ujumbe wa salio, na mwanachama mwingine auone kwa macho yake, kwenye simu yenyewe. Picha iliyotumwa kwenye kundi la WhatsApp isiwatoshe. Picha huweza kutengenezwa.

Sajilini kikundi. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inavitambua vikundi vya kijamii vya kifedha, na usajili unafanyika halmashauri mlipo. Mwanzo wake ni kumwona afisa maendeleo ya jamii wa kata. Wengi wanaogopa kwamba kujisajili ni kujiletea kodi na usumbufu. Lakini kikundi kisicho na katiba iliyosainiwa wala usajili, siku ya balaa kikifika kituo cha polisi, kinaulizwa swali la kwanza tu na kukosa jibu: mna ushahidi gani kwamba alikabidhiwa?

Nina neno pia kwa mweka hazina ambaye anasoma haya huku moyo ukimwenda mbio, kwa sababu anajua kilichomo na kisichomo. Dada yangu, kaka yangu, bado kuna muda. Usisubiri Desemba. Usijaribu kuzirudisha kwa kubeti, wala kwa kukopa kausha damu, wala kwa kuchukua nyingine. Nenda leo kwa mwenyekiti na mtu mmoja mzee ambaye wote wanamheshimu, uwaambie kiasi kamili. Kiasi kamili, si nusu, kwa sababu nusu ikigundulika hakuna atakayekuamini kwa iliyobaki. Toa hisa zako mwenyewe ziwe za kwanza kuziba. Utadharaulika kwa muda, ndiyo, na uongozi utauacha. Lakini utabaki mtaani kwako, watoto wako watasoma shule ile ile, na kuna watu kwenye kikundi hicho watakaokuheshimu kwa kuja mwenyewe. Aliyekimbia hana hata kimoja cha hivyo.

Na ninyi mtakaoambiwa habari hiyo, nawasihi muipokee kama watu wazima. Kwenda kumbebea mtu godoro watoto wakitazama, kumpiga, kupachika picha yake mitandaoni na matusi, hayo hayajawahi kurudisha akiba, na mengine ni makosa ya jinai yatakayowageuza ninyi kuwa washtakiwa. Andikeni makubaliano ya kulipa, kwa tarehe na kiasi, mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, wote mtie sahihi. Asipotimiza, pelekeni suala mbele kwenye vyombo vya sheria bila kuoneana haya.

Kwa masheikh, mapadri, wachungaji na wazee wa mtaa nina ombi moja. Mnapoitwa kusuluhisha, msikimbilie kusema yaishe. Kusamehe ni jambo jema na ninyi ndio mnaotufundisha, lakini nimeshuhudia msamaha ukiombwa kwa niaba ya aliyekula, mbele ya wajane waliopoteza, kabla yeyote hajataja kiasi kilichopotea. Mjane akalazimika kuitikia amina. Kwanza hesabu isomwe. Kwanza aliyechukua aseme amechukua. Msamaha uje baada ya hapo, na utoke kwa aliyedhulumiwa mwenyewe, kwa wakati wake. Vinginevyo tunamfanya yule mjane asalitiwe mara ya pili, na safari hii na sisi.

Kikao chenu kijacho ni lini, Jumamosi au Jumapili? Nenda mwenyewe, usitume mtoto. Fika mapema. Kabla kisanduku hakijafunguliwa, nyosha mkono useme kwa upole, kwa jina la heshima unalomwitia siku zote: mama mweka hazina, tunaomba utusomee daftari tangu Januari, na tuhesabu pamoja. Usiombe radhi kwa kuomba. Na wewe mweka hazina uliyetunza vizuri, usingoje uombwe. Wasomee.